Mende wa nani?

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Nimechelewa kukujibu kwa ajili ya kuhama. Nimepata chumba chenye jiko la kuchangia, na wiki ya kwanza tu mpangaji mwenzangu akanisimamia mlangoni: "Mende hawa umekuja nao wewe."

Iliniuma, somo. Usiku nikaingia jikoni nikawasha taa ghafla. Waliotawanyika ni wale wadogo, rangi ya chai ya maziwa, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Jike mmoja alikuwa na kifuko cha mayai kimechomoza nyuma, mfano wa punje ya kunde. Humo hukaa mayai 30 hadi 40, na hakiachi mpaka yakaribie kuanguliwa.

Sasa sikia majina yake. Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1767 alimwita germanica, yaani wa Ujerumani. Warusi humwita prusak, Mprusi, yaani mtu wa Prusia, dola ya zamani ya Wajerumani. Na Wajerumani wengine nao wakamwita Mrusi! Mwaka 2024 watafiti waliochunguza vinasaba vyake wakaeleza kuwa chimbuko lake ni Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita. Yule mkubwa mwekundu wa chooni ndiye americana, yaani wa Amerika, kumbe ametoka Afrika akavushwa bahari kwa merikebu. Hata cockroach ya Waingereza ni cucaracha ya Wahispania iliyopindwa na ndimi zao. Msafiri wao mmoja, John Smith, aliliandika neno hilo mwaka 1624, akisimulia mdudu anayejipenyeza masandukuni.

Ila kuna jina linalonitoa machozi: inyenzi. Kwa Kinyarwanda ndiye huyu huyu mende, na mwaka 1994 redio ya RTLM ya huko Rwanda iliwaita Watutsi hivyo huku wanauawa. Wanangu nimewakataza kumwita mtu mende, hata kwa utani.

Jana nilimfuata yule mwenzangu, nikamwonyesha ufa ulio nyuma ya sinki, wanamopita kufuata mabomba. Akachuchumaa, akamulika kwa simu, akanyamaza kidogo. Tumekubaliana Jumamosi tutoe vyombo vyote nje, tuzibe ufa, tutie dawa vyumba vyote siku moja.

Mama anaendeleaje na mguu? Niandikie upesi.

Ni mimi somo yako.