Kaunti ivipe vyuo vya ufundi kazi ya madawati

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu, na karakana yangu hupokea vijana wa mafunzo ya nyanjani kutoka vyuo vya ufundi vya kaunti. Ni vijana wenye bidii. Watakuchorea kila aina ya maungio na kukutajia kanuni za usalama bila kufungua daftari. Lakini mpe mmoja wao rodi ya kuchomelea na vipande viwili vya chuma: cheche zinaruka ovyo, rodi inagandia chuma, naye anabaki kuivuta. Sababu wanaisema wenyewe. Muhula mzima, darasa zima limegawana pakiti chache za rodi. Mashine ipo, tena mpya. Kinachokosekana ni cha kuchomelea.

Kazi hii haifundishwi ubaoni. Mkono lazima uzoee umbali wa rodi na chuma, mwendo wake, na kiasi cha umeme cha kuweka. Bati jembamba hutoboka kwa moto ambao kwenye chuma kinene hata haushiki. Mtu huyajua hayo baada ya kuharibu vyuma vingi, na vyuma ni pesa. Mfumo mpya wa umilisi unataka mwanafunzi apimwe kwa analoweza kufanya, na mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, pia ni wa vitendo. Atapimwaje kijana ambaye hajawahi kumaliza hata dirisha moja?

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kaunti hizo hizo ndizo zenye shule za chekechea, zahanati na masoko, na bajeti zake hulipia milango, madirisha, madawati ya watoto na vibanda vya soko. Kazi hiyo huenda kwa wanakandarasi. Tena wengi wao hawana karakana. Hutuletea sisi mafundi wa jua kali tuwatengenezee kwa bei ya chini, kisha tofauti wanabaki nayo. Tofauti hiyo ingenunua rodi za mwaka mzima.

Naiomba serikali ya kaunti ya Kisumu, na za majirani wetu wa Siaya, Vihiga na Nandi, zivitengee vyuo vyao sehemu ya kazi hizo. Kaunti inunue vyuma, mbao na rangi. Wanafunzi watengeneze wakiwa na mwalimu wao, na fundi mzoefu kutoka karakana za jua kali za Kamas au Kibuye alipwe kukagua kila kiungo kabla kitu hakijatoka getini. Wakihitimu, wajisajili kama kikundi: sheria tayari inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi kilichokwisha kutengeneza madawati kina la kuonyesha.

Kuna watakaosema kazi ya wanafunzi ni duni na ya polepole. Polepole, ndiyo, kwa hiyo oda itolewe mapema. Kuhusu ubora, waanze na madawati na fremu za madirisha, vitu ambavyo kiungo kibaya huonekana na kurudiwa. Sijasema waanze na paa la hospitali.

Meli ya MV Uhuru II ilijengwa hapa hapa Kisumu, na kutoka omo hadi tezi ni chuma kilichounganishwa kwa moto. Ziwa Victoria litahitaji meli zaidi, na zilizopo zitahitaji matengenezo. Nataka vijana wa Nyalenda, Ahero na Muhoroni waingie kwenye karakana hiyo ya meli wakiwa mafundi, wasiitwe tu siku ya kubeba mizigo.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Wawakilishi wadi wetu waulize mapema: mwaka huu tunanunua madawati mangapi, na yanatengenezwa na nani?

Fundi wa kuchomelea,
Kisumu