Aljebra Inamshinda Mtoto? Kagua Sehemu Kwanza

Mzazi anapotafuta mwalimu wa masomo ya ziada, kwa kawaida hutaja mada ya wiki hiyo. Aljebra inamshinda mtoto, fizikia haimwingii, au kompyuta anaipenda ila programu zake hazifanyi kazi. Mada hiyo mara nyingi ni pale tatizo lilipojitokeza tu. Lilianza zamani, kwenye hatua ambayo mtoto aliiruka na darasa likaendelea bila yeye. Faida kubwa ya kufundishwa peke yake ni kwamba mwalimu anaweza kurudi nyuma hadi aikute hatua hiyo, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa zima hana muda nalo.

Ndiyo maana kipindi cha kwanza hatufundishi. Mtoto anapewa maswali kama 20, yanayoanzia mambo ya miaka mitatu au minne nyuma na kupanda taratibu, na saa nzima ya kuyafanya. Anatumia kalamu ya wino, kifutio kinabaki mkobani, kwa sababu tunataka kuona kila alichoandika, hata alichokikata. Anaombwa aseme kwa sauti anachofikiria. Mwalimu hasahihishi wala hatikisi kichwa, anaandika tu.

Watoto hawakosei ovyo. Wana kanuni waliyojitungia, na wanaifuata kwa uaminifu. Anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 amelinganisha 35 na 4. Anayejaza 12 kwenye 8 + 4 = __ + 5 anaamini alama ya sawa maana yake ni "leta jibu", hajui kwamba pande zote mbili zinatakiwa kulingana. Huyo wa pili atateseka sana akifika kwenye milinganyo, na hakuna idadi ya mazoezi ya milinganyo itakayomponya hadi alama hiyo ieleweke upya.

Sehemu ndizo zinazoangusha wengi, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Swali ni 1/2 + 1/3. Mtoto anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, anapata 2/5. Ukimwambia tu "tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3), leo atafanya vizuri na wiki ijayo atarudia 2/5, maana kanuni yake ya zamani haijaguswa. Sisi hukata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 12. Nusu yake ni sentimita 6, theluthi yake ni sentimita 4. Anazipaka rangi zikifuatana, anapima, anapata sentimita 10. Kisha anaonyesha 2/5 ya ukanda uleule: sentimita 4.8. Hapo anaona mwenyewe kwamba jibu lake ni dogo kuliko hata ile nusu peke yake. Amejumlisha, na kitu kimepungua! Baada ya mshangao huo ndipo ukanda unakunjwa vipande sita vya sentimita 2. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla 5/6, na KDS inakuwa jina la jambo aliloliona tayari. Dakika 20 zikiishia hapo hazijapotea.

Mtoto asiyepitia hatua hiyo akikutana na x/2 + x/3 = 10 ataandika 2x/5 = 10, kisha x = 25, na ataambiwa aljebra yake ni dhaifu. Hapana, aljebra yake ni nzima: amezidisha kwa 5 na kugawanya kwa 2 bila kosa. Jibu ni 12, na ukilikagua utaukuta ukanda uleule, 6 na 4.

Sayansi ina tabia nyingine. Hapo mtoto huja na maelezo yake tayari. Wengi wanaamini balbu inakula mkondo wa umeme, hivyo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Kusoma tena kitabu hakubadilishi imani hiyo. Mpe betri, balbu na ammita (kifaa cha kupima mkondo), aandike utabiri wake kwa kalamu kabla ya kuwasha swichi, kisha apime kabla ya balbu na baada yake. Usomaji ni uleule. Utabiri lazima uandikwe kwanza, la sivyo akili hujidanganya kuwa ilijua tangu mwanzo. Kisha unakuja mjadala wa kweli: kinachotolewa kwenye balbu ni nishati, mkondo unapita wote.

Kwenye kemia, kosa la kawaida katika kusawazisha milinganyo, yaani kufanya atomu zilingane pande zote mbili, ni kubadilisha namba ndogo za chini. Mtoto anaona H₂ + O₂ → H₂O, oksijeni moja imepungua kulia, anaandika H₂O₂ na kufurahi kwamba hesabu imelingana. Lakini ameacha maji na kutengeneza haidrojeni peroksaidi, kitu kingine kabisa. Namba za mbele tu ndizo zinazoguswa: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Kuchora kila atomu kama duara kwa wiki moja humaliza tatizo hili kwa wengi.

Kwenye programu, mwalimu haruhusiwi kushika kibodi. Akishika mara moja tu, mtoto anageuka mtazamaji. Tunaanza na Python, lugha ya kuandikia programu, na vikwazo vya mwanzo vinajulikana. Anayeelewa milinganyo anashtuka kuona x = x + 1, na ana haki: katika aljebra haiwezekani. Anafundishwa kwamba hapo alama ya = ni amri ya kuweka: upande wa kulia unakokotolewa kwanza, kisha thamani inawekwa kwenye x. Kuuliza kama vitu viwili ni sawa ni kazi ya ==. Mwingine anaomba namba mbili kwa input(), anaandika 5 na 3, anajumlisha na kupata 53, kwa kuwa input() hurudisha maandishi; dawa yake ni int(), inayoyageuza kuwa namba. Na range(5) hutoa 0 hadi 4, wala haifiki 5.

Kabla ya kuendesha programu, mtoto huchora jedwali kwenye karatasi na kujaza thamani ya kila kigeu (jina linalobeba thamani, kama x) mstari kwa mstari. Kompyuta ikitoa jibu tofauti na jedwali, anajua aangalie wapi. Ujumbe wa kosa husomwa kuanzia mstari wa mwisho, ambao hutaja aina ya kosa. Namba ya mstari iko juu yake.

Ratiba tunayoipendekeza ni vipindi viwili vya saa moja kwa wiki, si kimoja cha saa mbili, kwa sababu kinachosomwa hushika kikirudiwa baada ya siku kadhaa. Kazi ya nyumbani ni maswali sita: matatu ya leo, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kazi za shule hatumfanyii mtoto. Wiki za mwanzo alama za shule huenda zisipande, maana tunafanya kazi ya miaka ya nyuma huku darasa likiwa kwenye mada mpya. Mzazi anayejua hili mapema hapati hofu.

Kwa masomo ya mtandaoni, kamera ielekezwe kwenye daftari. Simu iliyoegeshwa juu ya rundo la vitabu, ikitazama chini, inatosha. Uso wa mtoto hautuonyeshi alipokosea.

Na kabla ya kulipia chochote: kama mtoto hukosea anaponakili ubaoni, 6 ikawa 8, lakini akinakili kutoka kitabuni hakosei, mpeleke kwanza akapimwe macho.

Kwa kipindi cha kwanza tunaomba madaftari ya zamani, hata yaliyochakaa, na mitihani miwili au mitatu iliyosahihishwa. Yaje kama yalivyo. Tafadhali usimwambie mtoto afanye masahihisho kabla ya kuja.