Kaka, gitaa la mzee usiliuze

Shikamoo kaka, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mi mzima, baridi ya huku Leeds, Uingereza, ishaanza kukata vidole ila kazini naenda kama kawaida. Juzi mama kaniambia unataka kuuza gitaa la mzee, eti linakula kutu tu ukutani na ada ya watoto inatafutwa. Ada ntachangia, tutaongea. Ila gitaa nakuomba sana usiliuze.

We si unajua muziki ulituingiaje. Mzee kutupeleka ukumbi wa DDC Kariakoo tusimame nje tuisikilize bendi ya Sikinde, hela ya kiingilio hana, anatushika mabega anasema waimbaji waacheni, sikilizeni gitaa la ridhimu, huyo anaerudia kitu kilekile bila kuchoka ndo kabeba nyumba nzima. Alafu tunarudi Temeke kwa mguu, we unapiga tarumbeta kwa mdomo mi solo kwa mdomo mpaka mlangoni mama anatufokea. Na redio, ile RTD, ikiweka zile ngoma za Morris Nyunyusa kabla ya taarifa ya habari basi wote kimya, mzee anasema yule haoni na ngoma zote hizo anazipiga peke yake, we macho unayo.

Huku nlikaa karibu miaka 3 sijagusa gitaa kaka. Shifti ya usiku ghalani, kulala, kuamka, siumwi lakini nlikua kama sipo. Siku moja saa 11 alfajiri niko kwenye basi melodi ikanijia, nikajirekodi kwenye simu kwa kunong'ona, watu wananiangalia, nimeshuka kituoni nalia. Toka siku hiyo nikirudi ni dakika 20 za gitaa kabla ya kulala hata vidole vikigoma. Nina la mtumba, napiga bila amplifaya maana ukuta wa jirani mwembamba. Kwenye simu vipande vishapita 60, vingi havijakaa sawa lakini sifuti hata kimoja, mwezi uliopita kimoja nlichokidharau mwaka juzi nimekigeuza kikawa kiitikio.

Sasa huo wimbo umenisimamia. Mwanzo wa taratibu umekaa, maneno yapo, ni wa mzee, ila nikifika kwenye chemko, pale unapochangamka watu wacheze, unakufa. Ridhimu nimejipigia mwenyewe, nikajaribu na ngoma za kompyuta, umenyooka mno yani hauchezeki. We mkono wako unachelewa kidogo tu alafu unawahi, ule mi siuwezi, tangu utoto nauiga siupati. Nakuhitaji kaka, unipigie ridhimu kwa gitaa hilo la mzee.

Na huyo dogo wa dada mnaemfukuza chumbani kwa ajili ya singeli, msimfukuze jamani. Mdundo unapita mapigo 200 kwa dakika na kaupanga ukakaa, ile ni kazi ya akili, we mwenyewe jaribu. Ye ndo akurekodi, simu yake inatosha, mfunge madirisha bodaboda zisiingie. Mi ntakutumia voisi yenye solo na sauti, uskilize kwa hedifoni huku unapiga, dakika 4 tu.

Hela ya nyuzi nshamtumia dada, anapita Kariakoo Jumamosi kuchukua seti mpya. Ule waya mnene wa juu usiukaze kwa nguvu, kikazio chake mzee alikifunga na uzi wa viatu na bado kimelegea.

Mdogo wako