Mgonjwa wa tumbo alazwe chali, kitovu kiangaliwe

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo hapa Moshi. Mwaka jana nilikuwa namwogesha mama yangu, nikaona kitovuni mwake kitu chekundu kinachoelekea zambarau, ukubwa wa kifungo cha koti. Nilikigusa. Hakikubonyea wala hakikuteleza, kama kilichoshonewa kwa ndani. Mama akausukuma mkono wangu: "Kiache mwanangu, kipo tangu tuvune kahawa." Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizo kanga alikuwa anaifungia ubavuni.

Zahanati ya kwanza walisema jipu, tukapewa vidonge. Ya pili wakasema ngiri, asinyanyue ndoo. Kote mama alijieleza akiwa amekaa kwenye kiti. Hakuna aliyemlaza akamfunua tumbo. Miezi miwili ikapita hivyo. Vijiko vitatu vya mtori anasema ameshiba, tumbo linazidi kujaa, mikono inabaki mifupa.

Kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC ndiko alikolazwa kitandani kwa mara ya kwanza. Daktari alimwambia akohoe. Ngiri, alinieleza, mara nyingi hutokeza mtu akikohoa na hurudi ndani ukiibonyeza taratibu. Hiki hakikutikisika. Wakakata kinyama kidogo, kikaenda maabara. Majibu: saratani iliyoanzia kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, imeshasambaa tumboni.

Daktari huyo aliniambia uvimbe wa namna hiyo umepewa jina la muuguzi, Sista Mary Joseph Dempsey, aliyemsaidia daktari William Mayo kwenye upasuaji huko Rochester, Marekani. Mayo aliandika habari za uvimbe huo mwaka 1928, akaufananisha na kifungo cha suruali. Niliposikia neno kifungo nililia palepale. Sista alifariki mwaka 1939, na jina lake likaanza kutumika mwaka 1949. Aliyeugundua ni yeye, aliyekuwa akiwasafisha wagonjwa matumbo kabla hawajapasuliwa.

Sitaki kumtisha mtu. Si kila uvimbe wa kitovuni ni saratani. Lakini mtu mzima akiota kitu kigumu pale, tena anapungua mwili au anashiba haraka, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, maana chanzo chaweza kuwa tumbo, utumbo mpana, kongosho, au ovari kwa mwanamke. Kinapoonekana, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Mama aliishi miezi mitano tangu majibu yatoke. Hata hivyo alipotolewa maji tumboni na kupewa mofini, dawa kali ya maumivu, alilala usiku kucha, na ile miezi miwili ya vidonge alikuwa halali. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Naomba waganga wa zahanati zetu wamlaze kila mgonjwa wa tumbo na kumfungua kanga. Na sisi mabinti na wakwe tunaoogesha wazee, tusipitishe kitambaa harakaharaka kwa kuona haya.

Najua mama naye alikuwa na haya. Katika zahanati zile mbili kitanda kinatazamana na mlango, na foleni yote inaona ndani. Asingekubali kufunuliwa pale. Kama shida ni pazia, wanipe kipimo cha dirisha na cha mlango. Kitambaa ninacho, nitashona bila malipo.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi