Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: msimbo wa kwanza ufutwe kabla tiketi haijauzwa tena

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Uwekezaji, Biashara na Viwanda,

Tunakusalimu kwa heshima, ingawa subira imetuishia.

Wikendi iliyopita, kwenye lango la tamasha moja hapa Nairobi, skana ilisoma msimbo wa QR kwenye simu ya binti mmoja ikawaka nyekundu: tiketi imeshatumika. Nyuma yake walikuwepo wengine wanne wenye msimbo uleule. Wote walikuwa wamelipa. Aliyeingia ni aliyewahi kufika, na mlinzi hakuwa na la kufanya, kwa kuwa mashine haijui nani alinunua kihalali, inajua tu nani ametangulia.

Wizi huu hauhitaji ujuzi wowote. Mlanguzi ananunua tiketi moja, tuseme ya Sh2,000, bei ya mapema ikiwa bado ipo, kisha anangoja ziishe. Anapiga picha ya skrini, anaitangaza kwenye kundi la WhatsApp au Telegram kwa Sh5,000 na kumtumia kila anayelipa. Pesa zinaingia kwenye nambari yake binafsi ya M-Pesa, si till ya mwandalizi. Ukishtuka, unatuma ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urudishiwe, lakini yeye alishazitoa kwa wakala, na pasipo salio hakuna cha kurudishwa. Hata aliyeuziwa tiketi halisi hayuko salama. Hafla ikifutwa, pesa hurejeshwa kwa nambari iliyonunua mwanzo, yaani ya mlanguzi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinatuahidi habari za kutosha, ulinzi wa maslahi yetu ya kiuchumi, na fidia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo, ila inamlenga muuzaji ambaye kuuza ndiyo biashara yake. Mlanguzi anajitetea kwamba yeye ni shabiki tu aliyepata dharura. Mahakama ya Madai Madogo ipo, husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inapaswa kuamua ndani ya siku 60, lakini utamshtaki nani ikiwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine? Na kibarua gani atapoteza siku nzima ya kazi akifuata Sh5,000?

Uingereza, tangu 2015, anayeuza tiketi tena lazima aeleze eneo, safu na nambari ya kiti, pamoja na bei ya awali. Ireland ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia kuuza kwa zaidi ya bei ya awali katika hafla zilizoteuliwa. Ni hatua nzuri, lakini kikomo cha bei pekee hakitatuokoa. Hapa kwetu ugonjwa ni nakala: tiketi moja ikiuzwa kwa watu watano kwa bei halali, wanne bado wameibiwa.

Mheshimiwa, sheria inakupa uwezo wa kutunga kanuni. Tunaomba hii: tiketi isiuzwe tena ila ndani ya mfumo ulioitoa. Muuzaji aandike nambari ya simu ya mnunuzi mpya, mnunuzi alipe kupitia mfumo huohuo, msimbo wa zamani ufutwe papo hapo, mpya utolewe, na haki ya kurudishiwa pesa ihamie kwa mnunuzi mpya. Msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache unaifanya picha ya skrini kukosa thamani. Lakini uwe unafanya kazi ndani ya programu bila intaneti, maana maelfu ya simu zikikusanyika kwenye viwanja vya Kasarani au Nyayo mtandao hulemewa. Wenye kabambe, yaani simu ndogo za vitufe, watumiwe nambari kwa SMS, ilinganishwe na kitambulisho langoni.

Agosti 2025, wakati wa michuano ya soka ya CHAN, watu wasio na tiketi walivamia Kasarani na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya mashabiki. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027 tutaliandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Walanguzi wataanza kazi siku ileile tiketi zitakapotoka.

Tafadhali, Mheshimiwa, kanuni hiyo itoke kabla ya siku hiyo. Msimbo wa kwanza ufutwe.

Wako kwa heshima,
Wanunuzi wa tiketi, Nairobi