Barua kwa mpwa wangu mpiga drams: ile miaka 13 ya Tool

Mpwa,

Hoja yako nimeielewa. Unasema bendi ya watu wanne kama Tool, hawa Wamarekani wa roki nzito, yenye studio na pesa, haiwezi kukaa miaka 13 bila albamu isipokuwa kwa uvivu au maringo, na kwamba sisi mashabiki tunayaita maringo hayo "ukamilifu" ili tusione aibu ya kusubiri. Nusu ya hoja hiyo nakupa bure. Nusu ya pili imekaa upogo, na wewe unayekalia drams kila Jumapili ulipaswa kuwa wa kwanza kuiona.

Tuanze na tarehe, maana ubishi wa Tool huwa unapindia hapo. Albamu zao: Undertow ni 1993, Ænima 1996, Lateralus 2001, 10,000 Days Mei 2006, Fear Inoculum 30 Agosti 2019. Hesabu mapengo: 3, 5, 5, halafu 13. Mitano ndiyo mwendo wao wa kawaida, hata bila tatizo lolote. Kwa hiyo kinachodai maelezo ni miaka minane, si 13. Na ndani ya hiyo minane kuna kesi: mgogoro uliohusu haki za michoro ya kazi zao, ukaingiza kampuni ya bima, ukaanza 2007 na kumalizika 2015. Waliulizwa kila mwaka albamu iko wapi, na kwa muda mrefu hawakutaka kuizungumzia kesi hadharani. Mashabiki tukajaza pengo hilo kwa uvumi. Ongeza kwamba mwimbaji wao, Maynard James Keenan, ana bendi nyingine mbili, Puscifer na A Perfect Circle (hii ya pili ilitoa albamu 2018), pamoja na mashamba ya zabibu na kiwanda cha mvinyo huko Arizona. Mtu wa namna hiyo hakai studio akisubiri wenzake wapatane.

Lakini kesi na zabibu havitoshi. Sababu kubwa iko kwenye mpangilio wa kazi yao.

Watatu wanaopiga vyombo, Adam Jones kwenye gitaa, Justin Chancellor kwenye besi na Danny Carey kwenye drams, wanajifungia wenyewe kwanza. Mmoja analeta kipande kidogo. Wanakizungusha, wanakigeuza, wanakipima kwa hesabu hii na ile, wanakitupa, wanakiokota tena. Hakuna kiongozi wa kusema basi. Lazima watatu waafikiane. Muziki ukishakamilika, ndipo Keenan anapopewa ili atafute sauti na maneno. Ameeleza zaidi ya mara moja kwamba hawezi kuanza mapema, kwa sababu wenzake wakigusa muziki baada ya yeye kuandika, kazi yake yote inamwagika. Ni kama fundi cherehani aliyekwisha kata kitambaa, halafu mteja anarudi na vipimo vipya.

Utauliza kumwagika vipi, si abadilishe neno moja tu? Chukua Lateralus, ule wimbo uliobeba jina la albamu ya 2001. Katika ubeti wa kwanza hesabu silabi za kila kifungu anachoimba: 1, 1, 2, 3, 5, 8, halafu zinashuka 5, 3. Zinaanza tena 2, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, na kushuka 8, 5, 3. Kwenye kupanda, kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, ule mfululizo wa Fibonacci uliousoma shuleni ukausahau siku ya pili. Chini ya kiitikio mapigo yanakwenda 9, kisha 8, kisha 7, jumla 24. Jina la kwanza la wimbo lilikuwa 9-8-7, na 987 ni namba ya 16 katika mfululizo huohuo. Sasa mtu mmoja mazoezini aseme, "jamani, hapa tuongeze pigo moja." Pigo lenyewe ni dogo, lakini kifungu cha silabi 13 kimekosa mahali pa kukaa, na sentensi iliyofuata inaanza sehemu ambayo haikuandikiwa.

Hebu ufanye jambo moja kwa mikono, maana najua huamini mpaka upige. Tumia Schism, wimbo wao wa 2001 pia, ule uliopata tuzo ya Grammy. Kaa mezani, usishike vijiti. Gonga hatua 12 zenye mwendo sawa, polepole, hatua moja kwa sekunde, ukitia mkazo kwenye ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10. Hiyo ndiyo mapambio yako ya Jumapili, mwili unaijua. Mkono wa kushoto ubaki hapo. Wa kulia utie mkazo kwenye ya 1 na ya 6 tu. Umepata tano, halafu saba. Jumla ni 12 ileile, lakini mkazo wa kulia unatua hatua moja kabla ya mkazo wa tatu wa kushoto. Hatua hiyo moja ndiyo inayoufanya wimbo uonekane unachechemea huku haudondoki.

Kosa la kwanza litakalokupata: mkono wa kulia utachelewa na kutua kwenye ya 7 pamoja na wa kushoto, kwa sababu mwili unapenda kukutana. Ukiona mikono imepatana vizuri sana, umekosea, unapiga sita kwa sita. Kosa la pili ni kumeza hatua ya mwisho ya zile saba kwa haraka ya kurudi mwanzo. Hapo unapiga tano na sita, na mzunguko wa pili tu besi imeshakuacha. Dawa ni mdomo. Hesabu kwa sauti, moja mpaka tano, moja mpaka saba, na "saba" uitamke yote, usiseme "sab". Ukiweza dakika mbili bila kupotea, ongeza mwendo. Sehemu ya katikati ya wimbo usiiguse kwanza, hesabu huko zinabadilika ovyo.

Fear Inoculum imejengwa kwa tabia hiyohiyo, ila vipande vimerefushwa. Wenyewe walieleza kwamba namba 7 ilijileta kwenye vipande walivyokuja navyo, ndiyo maana wimbo wa mwisho wenye maneno umeandikwa 7empest. Unakwenda dakika 15 na sekunde 43, na ulipata Grammy 2020. Wimbo wenye jina la albamu una 10:21. Ulipoingia kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard huko Marekani, ulikuwa mrefu kuliko wowote uliowahi kuingia humo, rekodi iliyokaa hadi 2023 ilipovunjwa na rapa André 3000. Urefu wenyewe usikutishe. Nyimbo za dansi la kwetu nazo zilikuwa zinakatwa sehemu ya kwanza na ya pili kwenye santuri ndogo, kwa sababu upande mmoja haukutosha kufika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi.

Tofautisha basi ukamilifu wa aina hii na ule wa Chinese Democracy, albamu ya bendi ya Guns N' Roses, ambao ndio unaoutumia kama fimbo. Ile ilitoka Novemba 2008, miaka 15 baada ya albamu yao ya 1993. Huko watu waliingia na kutoka, na kila aliyeingia alirudia kazi ya aliyeondoka. Josh Freese alirekodi drams, akaondoka. Bryan Mantia akapewa kupiga upya sehemu zilezile, nota kwa nota, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Huo kwangu ni upolishaji: wimbo upo tayari, unasuguliwa mpaka unachanika. Na bendi ya Boston ni kisa kingine kabisa: Tom Scholz, mhandisi aliyesoma chuo cha MIT, alirekodi karibu vyombo vyote mwenyewe, na albamu ya Third Stage ikaja miaka minane baada ya iliyotangulia, 1978 hadi 1986. Pale kulikuwa na sikio moja lisiloridhika. Tool ni masikio manne ambayo hayajabadilishwa tangu Chancellor aingie 1995, na tatizo lao ni kupatana kabla ya kurekodi, si kusugua baada ya kurekodi. Januari 2019 Keenan alitangaza kwamba sauti zake zimekwisha na kazi ya kuchanganya sauti ndiyo iliyobaki, akakisia albamu itatoka kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Julai. Ikatoka mwisho wa Agosti. Yaani baada ya miaka yote hiyo, mwimbaji akishamaliza, kazi iliyobaki ilichukua miezi kama ya bendi nyingine yoyote.

Sasa ile nusu niliyokupa. Kama ukamilifu ungekuwa umefanya kazi kila mahali, albamu ingekuwa fupi. Toleo la mtandaoni lina nyimbo 10 na dakika 86 na sekunde 38. Toleo la CD lina nyimbo 7 na dakika 79 na sekunde 10, kwa sababu CD moja inabeba takriban dakika 80 tu. Zilizoachwa ni vipande vitatu vya sauti za kupita: Litanie contre la Peur, Legion Inoculant na Mockingbeat. Sikiliza CD kisha uniambie kama ulihisi pengo lolote. Mimi sihisi. Kama kipande kinaweza kutolewa kwa sababu ya upungufu wa nafasi na wimbo unaofuata haujali, kwa nini kiliwekwa? Pia Keenan anaimba kidogo mno, na tulivu mno kwa wanaomkumbuka wa Ænima. Mfumo wa kumpa muziki mwishoni una gharama hiyo: akipewa jengo la dakika 12 lililokwisha pakwa rangi, anabaki kutafuta mlango. Kwenye wimbo wa Invincible aliupata. Kwenye Culling Voices naona alibaki kibarazani.

Kabla hujarudi kubishana, isikilize albamu vizuri, maana nina wasiwasi uliisikia kwa spika ya simu. Jones huushusha uzi mnene wa gitaa kutoka nota ya E hadi ya D, ambayo ni kama mitetemo 73 kwa sekunde. Besi ikishushwa vivyo hivyo, D yake ni kama 37. Spika ya simu haifiki hata karibu ya huko. Unachosikia ni mkwaruzo wa kidole kwenye uzi, sauti yenyewe haimo, na ndipo mtu anasema besi ni dhaifu. Tumia hedifoni za waya. Zima kipengele cha kuchanganya mfuatano wa nyimbo, na kwenye programu uzime kile kipengele kinachofunika mwisho wa wimbo mmoja kwa mwanzo wa mwingine, maana kinakula miisho yao. Anza na wimbo wa Pneuma, na mzunguko wa kwanza usifuate drams. Fuata besi peke yake mpaka ujue inarudi wapi, halafu ndipo umsikilize Carey anavyokataa kurudi pamoja nayo.

Na kama bado unafikiria lile toleo la kwanza la CD, lenye kioo cha inchi 4 kinachocheza video, spika ya wati 2, kijitabu cha kurasa 36 na waya wa USB wa kuchajia, kuwa makini. Lilipotoka liliisha haraka, kwa hiyo leo utakutana nalo mkononi mwa mtu. Betri iliyokaa tupu kwa miaka mara nyingi haifufuki. Mwambie muuzaji alichaji mbele yako na kioo kiwake, kisha ulifungue na kulifunga mara tatu. Angalia kama kifuniko kimevimba au kinapanda katikati. Hiyo ni betri imeharibika, usiichaji tena wala usiibane. Na kadi ya kupakulia nyimbo iliyokuja nalo ihesabu kuwa imeshatumika. Ukitaka muziki tu, CD yenyewe inatosha.

Hukumu yangu: nyimbo sita kati ya saba za kwenye CD zinastahili kusubiriwa, ingawa si lazima miaka yote 13. Ya saba ni Chocolate Chip Trip, drams peke yake juu ya mashine ya sauti inayojizungusha, dakika karibu tano. Wanaoitetea wanasema Carey alistahili nafasi yake. Mimi naona tayari alikuwa nayo kwenye Pneuma, akiwa kazini na wenzake. Wewe ni mpiga drams, najua utaipenda hiyo kuliko zote, na hapo tutabishana vizuri zaidi.

Mjomba wako