Barua kwa dada yangu kuhusu chumba cha vitu vya mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza swali ambalo sikulijibu kwenye simu, kwa sababu jibu lake ni refu na sikutaka kulikatiza: uanzie wapi kukipunguza kile chumba ambacho, tangu mama afariki, kimegeuka stoo ya kila alichowahi kukigusa, na ambacho sasa kimeanza kupokea pia vitu vyako mwenyewe usivyojua uviweke wapi. Ninakujibu kwa barua ya wazi, jina lako nikiliacha pembeni, kwa kuwa wapo wengi wenye chumba kama hicho, au kabati, au masanduku chini ya kitanda, ambao wameshachoshwa na washauri wa aina mbili wanaopingana. Wa kwanza huwaambia watoe vyote, kwani marehemu hakai ndani ya koti. Wa pili huwaambia wasiguse chochote, kwani kutupa kitu cha mzazi ni kumtupa mzazi. Mimi nawaona wote wawili kuwa wanalikimbia swali.

Msimamo wangu ni huu: kitu hakiwi ukumbusho kwa sababu ya kuwa cha zamani, wala kwa sababu ya kuwa cha mama, bali kwa sababu kina habari ambayo mtu fulani anaijua na yuko tayari kuisimulia. Habari hiyo ikipotea, kinachobaki ni kitu tu, hata tukikifunga kwa hariri. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako si kutupa. Ni kusimulia kwanza na kuandika. Ukishamaliza hayo, kutoa kutakuwa kwepesi kuliko unavyodhani.

Kabla sijafika huko, naomba usijilaumu kwa kukwama. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo ndani yake baadhi ya wanafunzi darasani walipewa kikombe, cha kawaida kabisa, na wenzao hawakupewa. Kisha wenye vikombe wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani, na wasio navyo wangevinunua kwa bei gani. Wauzaji walitaka takribani mara mbili ya kile wanunuzi walichokuwa tayari kutoa. Vikombe hivyo walikuwa wamekaa navyo kwa muda mfupi tu, havikuwa vimeshikwa na mzazi wa mtu, wala hakuna aliyewahi kuvililia. Ikiwa kumiliki peke yake kunaweza kukipandishia thamani kitu kilichokuja mkononi asubuhi hiyo hiyo, sioni ajabu kwamba wewe unashindwa kuachana na saa ya mkono uliyoiona kwenye mkono uleule tangu ulipopata akili. Miaka miwili kabla ya majaribio hayo, mtafiti mwingine, Russell Belk, naye alikuwa ameandika kwamba binadamu huvihesabu vitu vyake kuwa sehemu ya nafsi yake, na ndiyo maana kuibiwa huuma kupita thamani ya kilichoibiwa.

Upo pia ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao tangu mwaka 2013 unatambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha wataalamu wa fani hiyo cha Marekani. Dalili yake ni mtu kushindwa kabisa kuachana na vitu, vyenye thamani na visivyo na thamani, hadi vyumba vinashindwa kutumika kwa kazi yake. Hilo ni la daktari, si la barua ya ndugu. Wewe hujafika huko, na wanaokutania kwa jina la ugonjwa huo ningependa waache.

Sasa nirudi kwenye habari za vitu. Jumba la makumbusho la British Museum, lililoko London, lina vitu visivyopungua milioni 8, na vinavyooneshwa kwa umma kwa wakati mmoja ni takribani 80,000, yaani kama asilimia 1. Vingine vyote vimo stoo. Kwa hiyo hata wenye majengo makubwa, fedha na wataalamu wa kazi hiyo hawawezi kuweka kila kitu mbele ya macho. Lakini angalia kilichotokea. Agosti 2023 jumba hilo lilitangaza kwamba baadhi ya vitu vyake havionekani, vimeibwa au vimeharibiwa; idadi iliyotajwa baadaye ilikuwa takribani 2,000, na vingi vilikuwa vito na mapambo madogo ambayo hayakuwa yameorodheshwa ipasavyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama walikuwa na makumbusho akilini, ila methali imewaangukia barabara. Kisichoandikwa huweza kuwapo au kutokuwapo bila mtu kuona tofauti, na hivyo ndivyo ilivyo robo tatu ya chumba chako.

Chukua basi daftari moja, lenye jalada gumu. Shika kitu kimoja, kisha ujiulize ungemwambia nini mtu ambaye hakumjua mama: kilitoka wapi, alikitumiaje, na kwa nini hiki na si kingine. Ukipata sentensi tatu, ziandike, ukipe kitu hicho namba, na uibandike namba hiyo mahali pasipokiharibu. Usipozipata, kiweke upande wa pili wa chumba na uendelee na kinachofuata. Utashangaa jinsi upande ule wa pili utakavyojaa upesi, na utashangaa zaidi kwamba haukuumi. Ule mkasi mzito wa kushonea, ambao tulikatazwa kuukatia karatasi na ambao sote kwa nyakati tofauti tulipigwa kwa kuukatia karatasi, una habari ambayo hata ningetaka kuisahau nisingeweza. Lakini zile funguo za makufuli yasiyokuwapo tena, zile nyaya za vyombo vilivyokufa, na vile vifuniko visivyo na vyombo, hivyo havina la kusema, na kuvitafutia la kusema ni kuwabebesha wengine uzito ambao mama mwenyewe hakuukusudia. Vivyo hivyo miwani. Zipo nyingi humo ndani, na zote zinasimulia jambo moja, kwamba alisoma sana na macho yakamchoka. Habari moja haihitaji mashahidi sita. Chagua ile aliyoivaa katika picha tunayoipenda. Zilizobaki, ikiwa ni nzima, zipo asasi zinazokusanya miwani iliyokwisha tumika na kuigawa kwa wanaoihitaji.

Kuna kundi moja ambalo jaribio hili halitoshi kwalo, nalo ni barua. Barua alizoandikiwa mama zina habari tele, lakini nyingine si habari zetu. Mwandishi akiwa hai, aulizwe kama anataka kurudishiwa. Akiwa amefariki, na barua ikiwa ya magomvi ambayo wahusika walishayamaliza, mimi sioni dhambi kuichoma bila kuisoma hadi mwisho. Najua utanipinga hapa, na kaka atakuunga mkono.

Vile vitakavyokushinda kuvitoa ingawa huna nafasi navyo, vipige picha. Ushauri huu umezoeleka mno, ila una ushahidi. Mwaka 2017 Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha utafiti uliofanyika katika mabweni ya chuo kikuu kimoja cha Marekani wakati wanafunzi walipokuwa wakihama: katika baadhi ya mabweni walihimizwa kukusanya tu vitu wasivyovitumia na kuvitoa, na katika mengine wakahimizwa kwanza kuvipiga picha vile vyenye kumbukumbu. Kwenye mabweni ya kwanza vilitolewa vitu 533, na kwenye yale ya picha vikatolewa 613. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kinachomzuia mtu mara nyingi ni hofu ya kupoteza kumbukumbu pamoja na kitu, na picha huipunguza hofu hiyo. Nami naongeza sharti moja: picha iingie katika daftari lile lile, kwa namba na sentensi zake tatu. Picha elfu moja zisizo na maelezo ndani ya simu ni chumba kile kile, ila hiki huwezi hata kukifagia.

Kuhusu utaratibu sitasema mengi. Usianze na picha wala barua, kwa kuwa utakaa sakafuni kutwa nzima ukisoma na jioni itakukuta na boksi moja lililofunguliwa. Anza na visivyo na hisia, yaani risiti zilizofifia, vyombo vilivyovunjika na dawa zilizopitwa na muda, ambazo ni vyema kuzirudisha kwa mfamasia kuliko kuzimwaga. Hati za nyumba, vyeti na mikataba vitenge siku ya kwanza mahali pake pekee, na usitoe koti lolote kabla ya kukagua mifuko yake, wala kitabu kabla ya kukipekua kurasa. Ukichoka, acha. Uamuzi wa mtu aliyechoka ni kutupa vyote au kubakiza vyote.

Liko jambo moja ambalo halitasubiri utulivu wako, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Tumezoea kudhani kwamba kitu kilichofungiwa kimehifadhiwa, kumbe kimefichwa tu, na humo mafichoni kinaendelea kuharibika. Nondo hutaga mayai katika nguo za sufu, na funza wake ndio wanaozila, hasa zilizokunjwa zikiwa na jasho. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huanza kuota kwenye karatasi na ngozi. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake, zilizopendwa sana tangu miaka ya 1970, huzibadilisha picha rangi na kuzing'ang'ania hadi haziwezi kubanduka bila kuchanika. Zitoe picha hizo taratibu, na kwa zinazogoma uzipige picha humo humo zilipo. Majina ya watu yaandike nyuma, pembezoni, kwa penseli laini, kwa maana wino wa kalamu hupenya upande wa mbele na kalamu ngumu huacha alama. Fanya hivyo sasa, wakati shangazi bado anawatambua walio katika picha za zamani ambao mimi na wewe tunawaita "yule mwenye kofia".

Kanda za video ni za haraka zaidi. Sumaku iliyobeba picha hufifia kadiri miongo inavyopita, na gundi inayoishikilia kwenye utepe huoza. Juu ya hayo, mashine za kuzichezea zimekwisha: kampuni ya Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha mwezi Julai 2016. Tunazo kanda zenye sauti ya mama, na kila mwaka unaopita unapunguza mashine nzima na mafundi wanaozielewa. Zinakiliwe kwanza, kabla hujagusa hata kabati moja, na nakala ziwe mbili zilizokaa nyumba mbili tofauti. Gharama nitalipa mimi.

Linabaki suala la vitu vizuri visivyo na nafasi. Nguo ya mama inayovaliwa na mtu mwingine inanipendeza kuliko ile inayoning'inia gizani, ila naomba uvigawe kwa watu wanaovitaka, si kwa watu wanaoona haya kukataa. Unapompa binti yako sanduku na kumwambia alitunze kwa sababu ni la bibi, humpi urithi. Unamkabidhi swali lile lile ulilonipigia simu kuniuliza, naye atalijibu bila hata kuwa na sentensi zako tatu. Muulize mbele ya vitu anachokitaka, na jibu lake likiwa "hakuna", lipokee bila kununa. Ndugu nao waulizwe wote kabla ya chochote kutoka mlangoni, kwa tarehe inayojulikana, ili asiwepo wa kusema mwaka kesho kwamba alikuwa anakitaka. Zawadi tulizompa sisi wenyewe, zile alizozipanga kabatini bila kuzitumia ili zisiharibike, usizionee huruma. Zilikwisha maliza kazi yake siku alipozipokea na kufurahi.

Kwangu mimi ninaomba mkasi. Kama kaka ameshautaja, basi ni wake, na nitakwenda kuutazama kwake. Lile sanduku la madaftari yangu ya shule, ambalo najua umelibakiza kwa wema, lisikuumize kichwa: nimekaa nikatafuta habari yake hata moja na sikuipata, kwa hiyo liende na karatasi nyingine. Kanda usizikabidhi kwa mtu yeyote hadi nifike.

Ndimi mdogo wako.